Mallorca au Tenerife? Anza na mwezi wa likizo yako

Tiketi ya ndege ya kwenda Mallorca mwezi wa Februari huwa ya bei ya chini, na bei hiyo ina sababu. Palma, mji mkuu wa kisiwa, utaukuta umechangamka kama kawaida. Lakini ukifika miji ya ufukweni kama Cala Millor au Cala d'Or, hoteli nyingi zimefungwa, vitanda vya kuotea jua vimerundikwa chini ya turubai, na bahari ina nyuzi joto 14 hivi. Frédéric Chopin, mtunzi wa muziki wa Kipolandi, alikiona cha moto huko zamani. Alikwenda na mpenzi wake, mwandishi wa Kifaransa George Sand, majira ya baridi ya 1838 akitafuta hewa ya kumtuliza kifua, wakapanga vyumba katika monasteri ya Valldemossa, na mvua na unyevu wa milimani vikamzidishia maradhi. Muziki aliotunga humo unapigwa hadi leo, sawa, lakini wewe huendi kutunga muziki.

Wiki hiyohiyo ya Februari, mtu aliyeko Los Cristianos, kusini mwa Tenerife, amevaa kaptura. Mchana una nyuzi 21 au 22, bahari ina 19, na jioni anatupia sweta moja basi. Visiwa vyote viwili ni vya Hispania, vyote vinauzwa kwa picha zilezile za jua na maji ya buluu, na kwenye tovuti za likizo vinapangwa ukurasa mmoja kana kwamba ni mtu na pacha wake. Ndiyo maana ndugu na marafiki wanaoishi Ulaya wakiniuliza kipi bora, mimi huwarudishia swali: likizo yako iko mwezi gani?

Kalenda

Mallorca iko Mediterania, ng'ambo ya Barcelona, na ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Balearic. Kina majira manne kama sehemu nyingine za Ulaya ya kusini. Kisiwa kile cha kwenye picha utakipata kuanzia katikati ya Mei hadi mwanzoni mwa Oktoba. Julai na Agosti joto la mchana hufika nyuzi 31 au 32 na bahari hupanda hadi 26, kiasi ambacho hata mtu wa Tanga ataingia majini bila kupiga kelele. Shida ni kwamba miezi hiyo miwili ndipo Ulaya nzima huhamia huko. Uwanja wa ndege wa Palma hupitisha abiria zaidi ya milioni 30 kwa mwaka, na wengi wao hubanana katika majira haya. Wajerumani wana utani wao kwamba nchi yao ina majimbo 16, na la 17 ni Mallorca.

Mwenye uhuru wa kuchagua achukue mwanzo wa Juni, au Septemba. Septemba bahari bado ina joto la Agosti, watoto wameshafungua shule, bei zimeshuka na unapata meza ya mgahawa bila kuweka nafasi. Baada ya hapo mambo hubadilika, kwa sababu vuli ya Mediterania ina radi na mvua za ghafla. Oktoba 2018 mafuriko ya saa chache tu yaliua watu 13 katika eneo la Sant Llorenç, mashariki mwa kisiwa. Mwisho wa Januari na Februari milozi huchanua mashambani, na kwa mpenda kutembea kwa miguu ni wakati mzuri sana. Hiyo ni safari ya koti, uijue hivyo kabla hujalipa.

Tenerife ni habari nyingine. Iko Atlantiki, nyuzi 28 kaskazini mwa ikweta, kilomita 300 hivi kutoka pwani ya Afrika. Kwa ramani ni jirani ya Moroko na Sahara Magharibi, kwa pasipoti ni Hispania. Mkondo wa bahari unaopita hapo ni wa baridi, na upepo wa kaskazini-mashariki huvuma sehemu kubwa ya mwaka, kwa hiyo majira ya joto hayachomi sana na ya baridi hayaumi. Agosti kusini kwa kawaida ni nyuzi 28 au 29. Tofauti ya Januari na Agosti ni ndogo kiasi kwamba wenye hoteli hawafungi kabisa, na msimu wao wa watu wengi ni kuanzia Krismasi hadi Pasaka, wakati Mallorca imelala.

Aliyekulia pwani akisikia wazee wakipanga mambo yao kwa kaskazi na kusi ataielewa Tenerife haraka, maana upepo umekigawa kisiwa vipande viwili. Unakuja na unyevu wa baharini, unagonga mlima upande wa kaskazini, unapanda na kuwa mawingu. Kuanzia Puerto de la Cruz hadi La Orotava kumejaa kijani, migomba imeshuka hadi karibu na maji, na siku nyingi za Juni na Julai anga huwa zito. Kusini, nyuma ya mlima, mawingu hayavuki. Ardhi ni kavu, mawe na mimea ya miiba, na jua ni la kila siku. Kuna watu hupanga hoteli ya bei nafuu Puerto de la Cruz, kisha wanarudi wakisema wamedanganywa kuhusu jua la Tenerife. Hakuna aliyewadanganya, walilala upande wa mawingu.

Mara chache huja pia calima, vumbi la Sahara linalovuka bahari. Anga hugeuka rangi ya udongo, joto hupanda ghafla, na mwenye pumu inambidi abaki ndani na dawa yake mkononi. Hupita baada ya siku chache.

Kwa hiyo wazazi wenye watoto wa shule Ujerumani au Uingereza, hesabu ni nyepesi. Likizo ndefu ya Julai na Agosti inawapeleka Mallorca, saa mbili na dakika kadhaa angani kutoka London au Frankfurt. Likizo ya Krismasi au ile fupi ya Februari inawapeleka Tenerife, saa nne na nusu au zaidi, na hapo sioni hata sababu ya kubishana.

Ufukwe, tusidanganyane

Kama umezaliwa Jambiani, Lamu au Diani, usiende Hispania kutafuta mchanga mweupe. Hutapata mzuri kuliko wa kwenu, na maji ya Bahari ya Hindi katika mwezi wake wa baridi bado yana joto kuliko ya Tenerife mwezi Septemba. Fukwe za huko zina raha yake, lakini ni raha nyingine.

Ya Mallorca ni kwamba Mediterania karibu haina kupwa na kujaa. Mtu wa pwani ya mashariki ya Unguja, aliyezoea kuamka na kukuta bahari imekimbia hadi kwenye mwamba, huona ajabu kwamba maji yako palepale asubuhi, mchana na jioni. Kwa mwenye watoto wadogo hilo ni jambo kubwa. Ghuba ya Alcúdia na Playa de Muro, kaskazini, zina mchanga laini na maji mafupi ambayo mtoto anaweza kutembea mbali yakiwa bado kiunoni. Kusini kuna Es Trenc, ufukwe mrefu usio na hoteli hata moja mchangani, jirani na mashamba ya chumvi. Na pembeni mwa kisiwa zimetapakaa cala, vihori vidogo vilivyobanwa na mawe na misonobari, maji yakiwa maangavu hadi unaona kivuli cha mashua chini kwenye mchanga. Cala Mondragó ni mfano mzuri, iko ndani ya hifadhi. Caló des Moro iliharibiwa na picha za mitandaoni. Ni kijipande cha mchanga ambacho watu husimama foleni kukiingia, na Juni 2024 wenyeji walikwenda kuandamana hapohapo. Iache.

Utakuta pia malundo ya majani makavu ya kahawia kando ya maji, hasa kabla na baada ya msimu wa watu wengi, na utasikia wageni wakilalamika kwamba ufukwe haufagiliwi. Zile ni nyasi za baharini, posidonia, na ndizo zinazoshika mchanga usichukuliwe na mawimbi na kufanya maji yawe safi namna ile. Serikali ya Balearic inazilinda kwa amri ya 2018, na mashua hairuhusiwi kutia nanga juu yake. Wakati mwingine yavuyavu nao hufika ufukweni, kwa hiyo angalia bendera kabla ya kuingia.

Tenerife mchanga wake wa asili ni mweusi, wa volkano. Mrembo kwa picha, ila saa saba mchana miguu mitupu haivumilii. Kaskazini, Benijo na Bollullo ni fukwe za kutazama zaidi kuliko za kuogelea, kwa sababu mawimbi ya Atlantiki huvuta na hayachagui mwogeleaji hodari. Kusini, Playa de las Vistas na Playa del Duque zimekingwa vizuri na ndiko familia zinakokwenda. El Médano ni ya upepo na wenye mbao za matanga, usipeleke mtoto na kitabu chako huko. Na karibu na Santa Cruz kuna Las Teresitas, mchanga wa dhahabu, maji yaliyotulia nyuma ya ukuta wa mawe. Mchanga ule uliletwa kwa meli kutoka Sahara, enzi zile Sahara Magharibi ikiwa koloni la Hispania, na ufukwe ukafunguliwa 1973. Mwafrika anayelipa nauli yote ile kwenda kulala juu ya mchanga wa Afrika, hilo huwa linanichekesha.

Kwa kuogelea tu, basi, Mallorca inashinda, mradi ni majira ya joto. Ambacho Mallorca haina ni nyangumi wa kuwaona kirahisi. Kati ya Tenerife na kisiwa cha La Gomera wanaishi mwaka mzima nyangumi wadogo weusi wenye kichwa cha mviringo, pamoja na pomboo. Hawapiti tu, ni wakazi, kwa hiyo uwezekano wa kuwaona ni mkubwa sana siku yoyote bahari ikiwa shwari. Boti huondoka Puerto Colón na Los Gigantes. Chagua yenye bendera ya Barco Azul, maana hiyo ina kibali, na nahodha wake anatakiwa kukaa mita 60 kutoka kwa wanyama.

Milima

Hapa ndipo mimi naona pesa ya safari inaporudi, na ndipo visiwa hivi vinapotofautiana kwelikweli.

Tenerife ina Teide, mita 3,715, mlima mrefu kuliko yote ya Hispania, na volkano hai, ingawa mlipuko wa mwisho kisiwani ulikuwa wa Chinyero mwaka 1909. Unaondoka hoteli ya ufukweni baada ya chai, gari linapanda, unaingia ndani ya mawingu kwenye msitu wa misonobari ambako miwani inapata ukungu na kioo cha gari kinaloa, kisha ghafla unatokea juu, jua kali, na chini yako mawingu yametandazwa hadi upeo wa macho, visiwa vya La Palma na La Gomera vikichomoza katikati. Dakika chache mbele unaingia Las Cañadas, bonde kubwa la lava, nyekundu mahali, nyeusi mahali, njano mahali. Pamekuwa Hifadhi ya Taifa tangu 1954 na Urithi wa Dunia tangu 2007.

Gari la waya linaanzia mita 2,356 na kukufikisha mita 3,555 kwa dakika nane hivi. Kwa msomaji wa Moshi, mahali unaposhuka panapungukia kidogo tu kambi ya Horombo, ambayo mpandaji wa Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huifikia siku ya pili. Wewe umefika kutoka usawa wa bahari katika asubuhi moja, ukiwa na soda mkononi. Kichwa kitauma, pumzi itakuwa fupi, na mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito asipande. Tembea polepole pale juu, na chukua koti hata kama ufukweni kulikuwa na joto la kuchemka. Upepo ukizidi gari la waya husimama, na wakati wa baridi theluji huweza kufunga barabara, kwa hiyo usiuwekee Teide siku yako ya mwisho. Mita zile za mwisho hadi kileleni zinataka kibali cha pekee, na nafasi huisha mapema. Omba mara tu unapokuwa na tarehe.

Mbali na Teide kuna Anaga, kaskazini-mashariki, msitu wa ukungu wenye miti iliyovaa kuvu na majani yanayodondosha maji hata siku isiyo na mvua. Na kuna Masca, kijiji kilichojibanza kwenye korongo, ambako njia ya kushuka hadi baharini huingiwa kwa kuweka nafasi na kuvaa kofia ngumu.

Mallorca haishindani kwa urefu. Kilele chake, Puig Major, kina mita 1,436, na juu yake kuna kituo cha jeshi, hupandi. Utamu wa Serra de Tramuntana ni mkono wa binadamu. Safu nzima ya milima imechongwa matuta, kuta za mawe zimepangwa bila chokaa, mizeituni yenye mashina yaliyosokotwa kwa uzee, na mifereji ya maji inayoshuka kutoka tuta hadi tuta. Waislamu walikitawala kisiwa hiki kuanzia 902 hadi 1229, Palma ikiitwa Madina Mayurqa, na ujuzi wa kugawa maji ulianza zama zao. Ndugu zetu wa Oman waliokulia karibu na falaj, mifereji ya maji ya kwao, watakuta kitu cha kwao pale, hasa Banyalbufar, ambako matuta yanateremka hadi karibu na bahari. UNESCO iliiandika Tramuntana kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2011 kwa sababu ya kazi hiyo ya mikono.

Safari ninayompendekezea kila mtu ni ya treni ya mbao kutoka Palma hadi Sóller, iliyoanza 1912. Kilomita 27, mabehewa ya zamani yenye madirisha ya kushushwa kwa mkanda, mahandaki ndani ya mlima, na ukitoka upande wa pili unaliona bonde lote la michungwa. Sóller unapanda tramu iliyoanza 1913, nayo inakatiza uwanja wa mji mbele ya kanisa, karibu na meza za mikahawa kiasi kwamba mnywaji kahawa anavuta kiti chake ndani ili ipite. Tiketi si rahisi, ni ya kitalii. Mwenye bajeti ndogo apande basi la kawaida, linapita kwenye handaki na kufika mapema zaidi, kisha alipie tramu peke yake.

Barabara ya Sa Calobra, iliyojengwa miaka ya 1930, inashuka kwa kona za kupinda hadi inapita chini yake yenyewe. Ni tamu kuitazama na ngumu kuiendesha ukikutana na basi la watalii kwenye kona. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi, au mwachie dereva mwingine.

Na kuna miji. Santa Cruz de Tenerife ni mji wa kawaida wa bandari isipokuwa wakati wa kanivali yake ya Februari, ambayo ni kubwa kwelikweli. Jirani yake La Laguna, Urithi wa Dunia tangu 1999, ni mzuri zaidi kwa kutembea. Lakini Palma ni daraja jingine. Kanisa kuu, La Seu, limesimama juu ya maji, dari yake iko mita 44 juu ya sakafu, na asubuhi jua likipita kwenye dirisha lake la duara sakafu yote inapata rangi. Antoni Gaudí, yule msanifu majengo wa Barcelona, alifanya kazi humo kati ya 1904 na 1914. Nyuma yake kuna vichochoro, nyua zenye michikichi, na hamamu ndogo iliyobaki kutoka zama za Waarabu. Kama wewe huchoki mjini na unachoka ufukweni, umeshapata jibu lako.

Mezani

Tuanze na onyo kwa Waislamu, maana Mallorca nguruwe amejificha mahali usipomtarajia. Ensaimada, mkate mtamu uliozungushwa kama konokono ambao kila abiria hubeba kwenye boksi akirudi nyumbani, kwa asili hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Sobrassada, ile soseji nyekundu ya kupaka, ni nguruwe mtupu. Salama yako ni tumbet, bilinganya, viazi na pilipili hoho vilivyokaangwa na kupangwa matabaka chini ya mchuzi wa nyanya, pamoja na samaki wa kuchoma. Mtaa wa Pere Garau huko Palma una soko na wahamiaji wa kila namna, na bucha za halali zinapatikana. Kote kuwili utakutana na vijana wa Kisenegali wakiuza miwani na mikoba barabarani. Watolee salamu ya Kiislamu, na msikiti ulipo utaujua kabla ramani ya simu haijafunguka.

Tenerife mimi nakula kwa furaha zaidi. Kuna papas arrugadas, viazi vidogo visivyomenywa, vinavyochemshwa kwenye maji ya chumvi nyingi mpaka maji yakauke, ganda likunjamane na kubaki na vumbi jeupe la chumvi. Unakichukua kwa vidole, unakichovya kwenye mojo nyekundu, iliyosagwa kwa pilipili, kitunguu saumu na jira, au mojo ya kijani ya kotimiri. Mtu wa pwani hahitaji kufundishwa kula hivyo. Samaki wao wanayemsifu ni vieja, wa ukoo wa pono, anayekaangwa au kuchemshwa mzima. Ndizi zao ni ndogo na tamu. Kaskazini kuna guachinche, nyumba za wakulima wanaouza divai yao wenyewe na vyakula vichache vya nyumbani, na divai ya mwaka ikiisha mlango unafungwa. Usiyekunywa divai nenda kula tu, bei ni ya kibinadamu. Jihadhari na barraquito, kahawa ya matabaka yenye maziwa mazito, kwa sababu kawaida ina pombe. Useme mapema kwamba unataka isiyo nayo.

Kuzunguka, na pesa

Mallorca unaweza kuishi bila gari ukilala Palma. Mabasi ya TIB yanafika karibu kila mji, treni inakwenda Inca, Manacor na Sa Pobla, na basi la kutoka uwanja wa ndege hadi katikati ya mji ni la haraka. Gari linakuwa mzigo katika msimu wa joto. Maegesho ni vita, na barabara ya kwenda mnara wa Formentor hufungwa kwa magari binafsi mchana.

Tenerife basi huitwa guagua, ya kampuni ya TITSA, na inatosha kati ya miji mikubwa ukiwa na kadi ya Ten+. Kwenda Teide, hata hivyo, mabasi kutoka kusini na kutoka kaskazini ni machache, na la kurudi likikuacha limekuacha. Kodi gari angalau kwa siku chache, mafuta huko ni nafuu kuliko Hispania bara na Mallorca. Jambo linalowaponza wengi ni viwanja vya ndege. Viko viwili, Kusini na Kaskazini, vikiwa mbali kwa zaidi ya kilomita 60 za barabara. Ukilala Costa Adeje, huko kusini, na ndege yako inashuka Kaskazini, tia nauli hiyo kwenye hesabu kabla ya kushangilia bei ya tiketi.

Kodi zinachangia tofauti ya matumizi. Visiwa vya Canary haviko kwenye mfumo wa VAT ya Hispania, vina kodi yao ya jumla ya asilimia 7. Mallorca, tangu 2016, kuna kodi ya utalii ya euro 1 hadi 4 kwa kila mtu mzima kwa kila usiku katika msimu mkubwa, kutegemea daraja la malazi, na watoto chini ya miaka 16 hawalipi. Mara nyingi hailipwi kwenye tovuti, unadaiwa mapokezi. Kwa jumla, kula na kukodi gari Tenerife kunakuachia senti mfukoni, wakati tiketi ya ndege huila sehemu ya senti hizo.

Wenye hamu ya disko na makelele wanajua wenyewe: Magaluf na S'Arenal huko Mallorca, Playa de las Américas huko Tenerife. Mallorca wamebana, kwani katika maeneo hayo maduka hayauzi pombe kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa mbili asubuhi. Familia zikae mbali na majina hayo matatu.

Kuhusu yale maandamano dhidi ya utalii mliyoyaona kwenye habari mwaka 2024, Aprili huko Canary na Julai huko Palma, hasira ni ya kodi za kupanga nyumba. Mwalimu au mhudumu wa hoteli hapati chumba cha kupanga kwa sababu nyumba zimegeuzwa za kulala wageni kwa usiku. Lala hotelini, au katika nyumba yenye namba ya leseni iliyoandikwa kwenye tangazo lake.

Makaratasi

Visiwa vyote viwili viko ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza moja, hata Tenerife iliyo karibu na Afrika. Mwenye kibali cha kuishi Ujerumani, Ubelgiji au Sweden anasafiri kwa kibali chake na pasipoti. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Kongo anayeishi Uingereza anahitaji viza, na hili huwashtua watu kila mwaka. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, bima ya afya iwe ya angalau euro 30,000, na maombi hupokelewa hadi miezi sita kabla ya safari. Kutoka Nairobi au Dar es Salaam hakuna ndege ya moja kwa moja. Utaunganisha Doha, Istanbul au miji ya Ulaya, kisha Madrid au Barcelona. Kutoka Barcelona hadi Palma ni chini ya saa moja angani, kutoka Madrid hadi Tenerife ni karibu saa tatu, kwa hiyo anayetoka nyumbani Afrika Mashariki na ana wiki moja tu asijitese na Tenerife, afanye Barcelona na Mallorca. Pia Tenerife iko saa moja nyuma ya Madrid, angalia saa ya kuunganisha ndege.

Leseni ya udereva ya Afrika Mashariki iambatane na kibali cha kimataifa cha kuendesha. Kampuni za kukodi magari hutaka pia kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe ili kuzuia amana, na kadi ya kawaida ya benki hukataliwa mara nyingi, au unalazimishwa kununua bima yao ya ziada pale kaunta. Hakikisha hilo kwa maandishi kabla ya kusafiri, hasa kama unakwenda Tenerife, ambako bila gari hutaiona nusu ya kisiwa.